Mara Nne Zinatosha

Msikilizaji, darubini ya bunduki huuzwa kwa namba. Juu ya boksi pameandikwa tatu mpaka tisa kwa arobaini, au sita mpaka ishirini na nne kwa hamsini, na mnunuzi akisimama mbele ya kaunta macho yake hukimbilia namba iliyo kubwa. Si ajabu. Ndivyo tulivyojizoesha kununua vitu vingi mjini hapa: simu ya Kariakoo tunaiuliza ina megapikseli ngapi kabla hatujauliza betri yake inakaa na chaji saa ngapi. Muuzaji naye analijua hilo, kwa hiyo namba kubwa huja na bei kubwa, na mtu hutoka dukani akiamini kwamba amenunua shabaha. Hoja yangu leo ni kwamba kwa bunduki ndogo ya .22 hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Darubini ya bunduki hii inapaswa kuchaguliwa kwa maswali mawili: risasi yenyewe inafika wapi ikiwa bado na adabu, na nyuma ya shabaha kuna nini? Ukianza na hayo utaishia kwenye darubini ndogo, nyepesi, inayokuza mara nne, na fedha itakayobaki itakwenda kwenye mambo yenye faida zaidi.

Nazungumza na nani? Wenye silaha hii kihalali si wengi, lakini wapo. Ni mtu anayeishi Bunju au Mabwepande kwa upande wa Kinondoni, Chamazi au Toangoma kwa upande wa Temeke, na shamba lake liko Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, ambako tumbili hawamwachii mahindi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka awe na leseni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi ruhusa ya kumpiga mnyama yeyote anayemchukia. Afisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza. Najua pia kwamba katika jiji hili habari za silaha hazisikilizwi kwa mzaha. Mbagala inaikumbuka Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto inaikumbuka Februari 16, 2011, siku ambazo maghala ya jeshi yalilipuka na mabomu yakaruka hadi kwenye nyumba za watu. Hayo yalikuwa mabomu, na hapa tunazungumzia risasi ya gramu 2.6. Hata hivyo, yupo atakayesema ni bora mada yenyewe iachwe. Namjibu kwamba silaha iliyokwisha kupewa leseni haitayeyuka kwa kutotajwa redioni. Itatumika, na kile kinachofungwa juu yake ndicho kitakachoamua mwenye nayo ataona nini kabla ya kufyatua.

Tuanze na risasi. Hii .22 ninayoisema ilibuniwa Marekani mwaka 1887, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Fataki yake haiko katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ili ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili nguvu kubwa ya baruti. Kwa hiyo risasi hii ni ya taratibu. Ile ya mwendo wa kawaida hutoka mtutuni kwa takriban mita 325 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, na ile ya mwendo wa kasi hufikia mita 380 hivi. Sasa tazama matokeo yake. Ukiipatanisha bunduki na darubini ili risasi igonge palepale msalaba ulipo katika mita 50, basi kuanzia mita 15 hadi 55 risasi ya mwendo wa kawaida haiachani na mstari wa jicho kwa zaidi ya sentimita 2. Hilo ni jambo zuri sana. Lakini peleka shabaha hiyohiyo mita 100, na risasi itakuwa imeporomoka takriban sentimita 20, yaani urefu wa kiganja kilichokunjuliwa na zaidi kidogo. Baada ya hapo inaporomoka kama embe. Hakuna lenzi duniani inayoweza kuizuia isianguke. Lenzi inakuonyesha tu kwa ukaribu zaidi mahali ambapo hutapagonga.

Na bado hatujautaja upepo, ambao mtu wa pwani ana kila sababu ya kuuhofia. Kusi ikivuma alasiri, upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni ni kitu cha kawaida. Ni upepo wa kupepesa nguo kwenye kamba, si wa kung'oa mabati. Upepo huo unaisukuma risasi ya .22 kama sentimita 3 katika mita 50, na kati ya sentimita 10 na 14 katika mita 100. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: risasi ya kasi husukumwa zaidi kuliko ile ya mwendo wa kawaida. Inapoanza safari ikiwa imeuzidi mwendo wa sauti, hewa huikaba kwa nguvu na kuipunguza kasi upesi, na ni huko kukabwa, wala si muda wa safari peke yake, kunakoupa upepo nafasi. Mnunuzi aliyelipia risasi za kasi na darubini ya kukuza mara 24 ili apige mita 120 amelipa mara mbili kwa ajili ya kukosa. Wanaojua silaha hii huiweka kazini ndani ya mita 50 au 60, na wakizidisha wanakwenda 75. Huo ndio uwanja wake, na darubini inapaswa kushonwa kwa kipimo cha uwanja huo.

Je, katika mita 50 mtu anahitaji kukuziwa kiasi gani? Ushahidi bora unatoka mahali ambapo watu hawatumii darubini kabisa. Katika Michezo ya Olimpiki kuna shindano la bunduki la mita 50, na bunduki inayotumika ni hii hii ya .22. Duara la katikati, lile la pointi kumi, lina kipenyo cha milimita 10.4, dogo kuliko kitufe cha shati. Washindani hulilenga kwa tundu dogo la nyuma na pete ya mbele, bila lenzi ya kukuza, na walio bora huligonga mara nyingi kuliko wanavyolikosa. Kuna pia mchezo wa nchi za baridi ambao watu huteleza kwenye theluji kilomita nyingi, kisha husimama, mapafu yakiwaka moto, na kupiga shabaha tano kwa bunduki ya .22. Umbali ni mita 50. Akilala kifudifudi shabaha ina upana wa milimita 45, akisimama ni milimita 115. Nao pia hawaruhusiwi lenzi ya kukuza. Kama mtu anayehema hivyo anaweza kugonga kitu cha milimita 45 kwa jicho tupu, hoja ya kwamba mkulima wa Chamazi hawezi kumwona panya buku katika mita 30 bila kukuziwa mara 16 inahitaji utetezi mzito kuliko ule unaotolewa dukani.

Hapo msikilizaji makini ataninasa: kama ni hivyo, darubini ya nini? Si watu watumie tundu na pete kama hao wa Olimpiki? Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa kijana mwenye macho mazuri na muda wa mazoezi nalikubali nusu. Nusu nyingine inakataliwa na umri. Anayelenga bila darubini anaangalia vitu vitatu kwa mara moja, alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha, na vyote viko katika umbali tofauti. Jicho haliwezi kuvitazama vyote vitatu kwa uwazi uleule. Mtu akishavuka miaka 40 na ushei, lenzi ya jicho huwa ngumu, na ile alama ya mbele huanza kuvimba na kuwa kivuli. Ndio umri uleule anapoanza kulisogeza gazeti mbali na uso. Na mwenye leseni ya silaha mjini hapa anaweza kabisa kuwa mtu wa umri huo. Darubini inaviweka msalaba na shabaha mahali pamoja, jicho likatazama kitu kimoja. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza na kubwa zaidi, na darubini ya mara nne inaitoa yote. Hata darubini isiyokuza kabisa ingeitoa.

Sasa tuseme mtu hashawishiki: kama mara nne ni nzuri, mara kumi na mbili itakuwa nzuri mara tatu. Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kila unapoongeza ukuzaji unapunguza upana wa kile unachokiona. Darubini ya mara nne inaonyesha eneo la mita tisa au kumi kwa upana katika umbali wa mita 100. Ya mara kumi na mbili inaonyesha mita tatu hivi. Katika mita 30 hizo mita tatu zinakuwa chini ya mita moja. Mtu ameweka jicho kwenye tundu, anaona panya na kipande cha ukuta, basi. Haoni mtoto anayekuja na ndoo upande wa kulia, haoni mlango wa choo cha jirani unaofunguliwa, haoni kama nyuma ya ule mgomba kuna kichuguu cha kuizuia risasi au kuna barabara ya bodaboda. Hapo ndipo hesabu ya pili inapoingia. Risasi hii ndogo, inayoitwa ya kuchezea, ikipigwa kwa mwinuko inaweza kwenda karibu kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Chukua ramani ya Mbagala au Tandale, weka kidole popote, zungushia duara la kilomita moja na nusu, kisha ujaribu kuhesabu mabati. Zaidi ya hayo, risasi ya .22 ni ya risasi laini na ya mwendo mdogo, na inaposhukia mahali pagumu kwa mlalo, iwe mwamba wa matumbawe wa Kunduchi, udongo uliokauka au hata maji ya bwawa, hudunda na kuendelea na safari katika mwelekeo usioupanga. Anayetumia silaha ya namna hii anahitaji kuona pembeni na nyuma ya shabaha kuliko anavyohitaji kuhesabu masharubu ya panya.

Ukuzaji mkubwa una kasoro nyingine ndogondogo. Hukuza na mtetemo wa mkono. Msalaba ambao kwenye mara nne ulikuwa umetulia, kwenye mara kumi na mbili unarukaruka kwa kila pigo la moyo, na mpigaji huanza kuivizia sekunde yake na kuiminya triga kwa pupa. Hukuza pia mazigazi yanayopanda kutoka kwenye ardhi iliyochomwa na jua la saa saba mchana, shabaha ikawa inaogelea. Wapo wanaosema wanaitaka namba kubwa kwa ajili ya kutazamia tu, kumtambua mnyama ni yupi. Hao nawaomba wasikie vizuri: kutazama kitu kwa darubini iliyofungwa juu ya bunduki maana yake ni kukielekezea mtutu. Ukimtazama mtu anayepita ng'ambo ya shamba ili umjue ni nani, tayari umemwelekezea bunduki jirani yako. Kwa kutazamia, nunua darubini ya mkononi ya macho mawili, ivae shingoni, na bunduki iache ielekee chini.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika namba kubwa za boksi, na ambalo kwa bunduki ya .22 lina uzito kuliko zote: paralaksi. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha kichwa kisogeze kushoto na kulia. Kidole kinahama juu ya ukuta ingawa mkono haujasogea. Ndani ya darubini msalaba nao unaweza kuhama juu ya shabaha namna hiyohiyo kila jicho lisipokaa katikati kabisa ya tundu, isipokuwa katika umbali mmoja tu ambao kiwanda kiliuchagua. Kwa darubini za bunduki kubwa umbali huo kwa kawaida ni mita 100 au zaidi. Kwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 ni karibu mita 50. Hesabu yake si ngumu. Darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 40, iliyopangwa kwa mita 100, inaweza kukupoteza hadi milimita 10 ukipiga katika mita 50, na milimita 15 katika mita 25. Milimita 15 ni nyingi kwa kichwa cha panya. Ile yenye lenzi ya milimita 32 iliyopangwa kwa mita 50 haikupotezi kitu katika mita 50, na katika mita 25 upotevu wake hauzidi milimita 8. Maana yake ni kwamba darubini ya bei mbaya, nzuri kwa bunduki ya kuwindia nyati, inaweza kuwa mbovu juu ya .22 bila kuwa na hitilafu yoyote. Muulize muuzaji, paralaksi imepangwa mita ngapi? Asipojua, fungua karatasi iliyomo ndani ya boksi mwenyewe.

Lenzi pana za mbele, milimita 50 na 56, zina watetezi wao, na utetezi wao umetoka ughaibuni. Zinakusanya mwanga mwingi jioni, wanasema, na ni kweli. Mwindaji wa Scotland au wa Sweden anahitaji hilo kwa sababu jioni ya kiangazi huko hujikokota kwa saa nzima na zaidi, na wanyama hutoka wakati huo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hapa halizami, linadondoka. Likishagusa upeo, dakika ishirini na kitu baadaye ni giza. Kulipia darubini ya nusu kilo kwa ajili ya dakika ishirini, katika nchi ambayo sheria ya wanyamapori haimruhusu mtu kuwinda usiku, ni kununua koti la baridi la Stockholm ili ulivae Tegeta. Isitoshe, upana wa mwanga unaolifikia jicho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji. Milimita 32 kwa mara nne ni 8, zaidi ya mboni ya jicho la mtu inavyoweza kupanuka. Milimita 50 kwa mara kumi na mbili ni 4 na ushei. Ile ndogo, msikilizaji, ndiyo yenye mwanga.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanamichezo. Huko Marekani na Ulaya kuna mashindano ambayo watu hupiga vibao vya chuma kwa .22 katika mita 200 na hata 300, na darubini zao hukuza mara 18, 24, na kuendelea. Siwezi kuwaambia wamekosea, wanagonga. Lakini angalia wanavyofanya. Umbali umepimwa kwa leza kabla. Risasi zao zimechaguliwa kwa kundi la kiwandani na mwendo wake umepimwa kwa mashine. Darubini zina gurudumu la kupanga paralaksi upya kwa kila shabaha. Nyuma ya kile kibao kuna kilima, na nyuma ya kilima kuna pori la mtu. Mwenye vitu vyote hivyo, pamoja na kilima, anunue mara 24 kwa amani. Kati ya Bunju na Mbagala Rangi Tatu sijui kilima cha namna hiyo kiko wapi. Na kuna pingamizi la kawaida zaidi, kwamba darubini za mara nne tupu zimekuwa adimu madukani na zilizojaa ni za tatu mpaka tisa. Hilo nalipokea bila ugomvi. Chukua mbili mpaka saba, au tatu mpaka tisa, yenye lenzi ya milimita 32 na paralaksi ya .22, kisha izungushe ikae kwenye nne na uisahau hapo. Utakuwa umelipia namba usizozihitaji, lakini hakuna aliyeumia.

Kusema ndogo inatosha hakuna maana ya kusema kila ndogo inafaa. Kuna zile nyembamba, bomba lake milimita 19 na lenzi ya mbele milimita 15, ambazo hufungwa pamoja na bunduki za bei rahisi. Hizo ni mapambo. Gawanya 15 kwa nne uone mwanga wake, halafu jaribu kuzirekebisha: unazungusha kliki nne, msalaba haujibu, unagonga bomba kwa kidole, unaruka kliki saba. Darubini yenye bomba la milimita 25.4 ndiyo ya kuanzia. Na mwenye bunduki ya upepo ya .22 ana hesabu yake. Ile yenye springi hupiga teke nyuma na kisha mbele, na teke la mbele huivunja darubini ambayo haikuundwa kulihimili, hata kama ilidumu miaka juu ya bunduki kubwa. Anahitaji iliyoandikwa kuwa ni ya bunduki ya upepo, na paralaksi inayoshuka hadi mita 10. Asidhani pia kwamba silaha ya upepo haimhusu polisi. Aulize kituoni kwake kabla ya kununua chochote.

Fedha iliyobaki iende wapi? Kwanza kwenye pete za kufungia. Shabaha nyingi zinazolaumiwa darubini zimepotea kwenye skrubu mbili zilizolegea. Bunduki nyingi za .22 zina mfereji wa milimita 11 juu yake, na pete lazima ziwe za mfereji huo, za chuma au aluminiamu nzuri, zikazwe kwa zamu kama nati za gurudumu la gari. Pili, kwenye kinga dhidi ya hewa yetu. Wapiga picha wa Dar es Salaam wanaujua ukungu unaoota ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Unyevu wa masika na chumvi ya bahari havichagui lenzi ya kamera au ya bunduki. Darubini iwe imejazwa naitrojeni na kuzibwa kwa mipira. Namna ya kuhakikisha ni kuizamisha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu na kutazama kama vipovu vinatoka, ingawa sidhani kama kuna muuzaji atakayekuletea ndoo. Ifanye nyumbani siku hiyohiyo, risiti ikiwa mfukoni. Isikae kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hunywa unyevu. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kwenye risasi za mazoezi, zinazopigwa kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Wakati wa kupatanisha, kumbuka kwamba kliki ya robo ya dakika ya pembe iliyoelezwa kwenye karatasi ni ya yadi 100, ambako inahamisha risasi kama milimita 7. Katika mita 50 ni milimita 3.6 tu. Wengi hukata tamaa na kusema darubini ni mbovu, kumbe walizungusha nusu ya kliki zilizohitajika. Kisha jaribu mraba: piga, peleka kliki 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Tundu la mwisho likiangukia juu ya la kwanza, darubini yako ni nzima.

Nimewaacha kunguru mwisho kwa makusudi, kwa sababu najua ni wangapi wamekuwa wakiwafikiria tangu nianze. Kunguru weusi wa India wamejaa jiji hili, wanaiba vifaranga Temeke na samaki Feri, na mtu mwenye .22 na darubini mpya akimwona mmoja juu ya nguzo ya umeme hujiambia kwamba anafanya kazi ya halmashauri. Tumpime kwa maswali yetu mawili. Umbali ni mita 25, risasi inaweza. Nyuma ya kunguru kuna nini? Mbingu, na chini ya mbingu kuna Manzese. Bunduki imeinuliwa juu, yaani katika mwelekeo uleule unaoipa risasi ule urefu wake wa kilomita moja na nusu. Kunguru wenyewe hawaishi kwa risasi. Ukipiga mmoja, kundi linatawanyika na kuhama mtaa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Dar es Salaam iliwapunguza kwa mitego na kwa sumu iitwayo Starlicide, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja katika pwani ya nchi hiyo. Dar es Salaam haikutegemea bunduki. Kwa kunguru wa mjini hakuna darubini inayofaa, iwe ya mara nne au ya mara ishirini na nne. Ndege hao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale taka, na taka bado wanazo za kutosha.